Ebola: Gulu 2000, Kampala 2025

Oktoba 2000 Dakta Matthew Lukwiya alikuwa masomoni Kampala alipoitwa arudi hospitali ya Lacor, Gulu. Wauguzi wanafunzi walikuwa wakifa. Ilikuwa Ebola aina ya Sudan, isiyo na chanjo. Na antibayotiki huua bakteria, si virusi. Silaha zilikuwa glavu, barakoa, klorini na wodi ya kuwatenga wagonjwa. Yeye mwenyewe aliambukizwa, akafariki tarehe 5 Desemba. Mwaka uliofuata mlipuko ulikwisha.

Januari 2025 virusi vya aina hiyohiyo vilimuua muuguzi Kampala. Siku 4 baada ya mlipuko kutangazwa, majaribio ya chanjo yalianza. Lakini kinga ya kwanza ni ileile: nawa mikono, usiguse majimaji ya mgonjwa, toa taarifa mapema.