Kwa nini tarakilishi nzima hutangazwa kuukuu

MNAMO Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo endeshi uliokuwa umetumika kote duniani kwa zaidi ya miaka kumi. Siku hiyo hakuna tarakilishi iliyozimika. Viwambo viliwaka kama ada, vicharazio vikaitika na vichapishi vikatoa karatasi. Kilichobadilika hakikuonekana kwa macho: ufa wowote utakaogunduliwa ndani ya mfumo huo baada ya tarehe hiyo hauzibwi tena, isipokuwa kwa mtumiaji aliyejisajili kwa huduma ya ziada ya muda.

Microsoft iliwashauri watumiaji wahamie Windows 11, iliyozinduliwa Oktoba 5, 2021 na ambayo mwenye leseni halali ya Windows 10 huipata bila malipo. Hata hivyo, mfumo huo mpya una masharti. Unahitaji kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, hifadhi ya gigabaiti 64, chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0, pamoja na kichakataji kilichomo katika orodha ya kampuni yenyewe. Kwa vichakataji vya Intel, orodha hiyo, ukiondoa vichache mno, huanzia kizazi cha nane, kilichotoka mwaka wa 2017. Mashine ya kizazi cha saba, hata iwe na chipu hiyo ya TPM na kumbukumbu tele, hukataliwa.

Nchini Kenya sharti hilo lina uzito wa pekee. Sehemu kubwa ya vipakatalishi vinavyouzwa katika maduka ya Luthuli Avenue na Moi Avenue jijini Nairobi ni vile vijulikanavyo kama 'ex-UK', yaani vilivyotumika katika afisi za ng'ambo kwa miaka kadhaa kabla ya kusafirishwa huku. Ni mashine imara, aghalabu imara kuliko mpya za bei hiyo hiyo. Zikatunzwa vyema, nyingi zina uwezo wa kufanya kazi miaka mingine mitano au zaidi. Mwenye saiba anayewajazia wateja fomu za ushuru, mwalimu mkuu aliyepata tarakilishi 20 kwa hisani ya wafadhili na mwanafunzi wa chuo aliyechangiwa na jamaa zake, wote hao wamejikuta wakiambiwa kuwa chombo chao kizima ni kuukuu.

Ili kuelewa jinsi programu ilivyopata mamlaka ya kuamua umri wa mashine, ni muhimu kurejelea asili ya uhusiano wa pande hizo mbili.

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimama kati ya mashine na programu nyinginezo. Ndio unaogawa kumbukumbu, unaopanga faili, unaopokea amri za kicharazio na kipanya, na unaoamua programu ipi itumie kichakataji kwa wakati gani. Programu ya kuandikia barua haijui lolote kuhusu muundo wa kichapishi. Huuomba mfumo endeshi uchapishe, nao ukatekeleza. Kwa sababu hiyo, anayemiliki mfumo endeshi ndiye mwenye ufunguo wa lango.

Katika miaka ya 1960 na 1970 hali haikuwa hivyo. Kampuni zilizounda mashine kubwa, IBM ikiwa mbele, ndizo zilizotunga mifumo yake, na mteja alinunua vyote kwa pamoja. Mabadiliko yalianza IBM ilipoamua, mwaka wa 1980, kuunda tarakilishi ndogo ya kibinafsi kwa haraka. Badala ya kutengeneza kila kitu, ilinunua vipuri vya wengine. Kichakataji kilikuwa Intel 8088, na kazi ya kutafuta mfumo endeshi ikapewa Microsoft, ambayo wakati huo ilikuwa kampuni ndogo iliyojulikana kwa lugha za kuandikia programu.

Microsoft haikuwa na mfumo wa aina hiyo. Ilichofanya ni kununua programu iliyoitwa 86-DOS, iliyotungwa na Tim Paterson wa kampuni ya Seattle Computer Products. Mnamo Julai 1981 ilijipatia haki zote za programu hiyo kwa Dola 50,000. Mashine ya IBM ikazinduliwa Agosti 12, 1981 ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16 na bei ya kuanzia Dola 1,565. Lakini uamuzi mkubwa zaidi wa biashara ulikuwa ndani ya mkataba: Microsoft ilibaki na haki ya kuuzia kampuni nyingine mfumo huo huo.

Ni vigumu kutaja kosa la kibiashara lililowagharimu wenyewe zaidi ya hilo. Kwa vile vipuri vya IBM vilipatikana sokoni, waigaji hawakukawia. Compaq ilitangaza mashine yake mnamo Novemba 1982, na wengine wakafuata. Waliposhindana kwa bei, mashine zikawa rahisi mwaka baada ya mwaka. Kila mmoja wao alihitaji mfumo kutoka kwa muuzaji yule yule mmoja. Faida ilihama kutoka kwa chuma hadi kwa programu, na haijawahi kurudi kikamilifu. IBM yenyewe iliuza kitengo chake cha tarakilishi za kibinafsi kwa kampuni ya Lenovo ya Uchina mwaka wa 2005.

Apple, iliyozindua Macintosh mnamo Januari 1984, ilishika njia tofauti: mashine na mfumo vyote vyake, kwa bei yake. Njia hiyo ilikaribia kuiangamiza katika miaka ya 1990 na baadaye ikaitajirisha kupindukia.

Windows ya kwanza ilitoka Novemba 1985 na haikuvuma sana. Ni Windows 95, iliyozinduliwa Agosti 24, 1995, iliyoufanya mfumo huo kuwa sawa na jina la tarakilishi yenyewe kwa watu wengi. Iliweza kutumika kwenye mashine yenye kumbukumbu ya megabaiti 4. Windows XP ya mwaka wa 2001 ilihitaji megabaiti 64, Vista ikataka 512, Windows 7 ikataka gigabaiti moja, nayo Windows 11 ikataka gigabaiti 4. Kutoka 95 hadi 11, kiwango cha chini kimeongezeka zaidi ya mara 1,000, ilhali barua anayoandika karani ni ile ile ya kurasa mbili.

Mwanasayansi Niklaus Wirth wa Uswisi, aliyeunda lugha ya Pascal, alilalamikia jambo hilo mapema, mwaka wa 1995. Alieleza kuwa programu zinazidi kuwa nzito kwa kasi inayoshinda ile ya mashine kuwa nyepesi. Kauli yake hutajwa hadi leo kama sheria ya Wirth. Itakuwa dhuluma, hata hivyo, kudai kuwa uzito wote huo ni wa bure. Katika enzi za DOS, programu moja ikikosea ilikwama pamoja na mashine nzima, na kazi ya asubuhi yote ikapotea. Mifumo ya sasa huitenga kila programu, husimba data kwenye diski na huonyesha maandishi ya lugha nyingi kwa wakati mmoja. Mambo hayo hugharimu kumbukumbu. Lakini madoido nayo hugharimu kumbukumbu, kadhalika matangazo na programu ambazo mnunuzi hakuziomba. Mtumiaji hupewa yote katika kapu moja.

Hodhi ya Microsoft iliifikisha mahakamani. Mnamo Mei 1998 serikali ya Marekani na majimbo kadhaa ziliishtaki kwa kuutumia mfumo wake kuikandamiza Netscape, iliyounda kivinjari cha intaneti. Juni 2000, Jaji Thomas Penfield Jackson aliamuru kampuni hiyo igawanywe mara mbili. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ilitupilia mbali agizo hilo la kugawanywa, ingawa ilikubali kuwa kampuni ilikuwa imelinda ukiritimba wake kinyume cha sheria. Barani Ulaya, Microsoft ilipigwa faini ya Euro milioni 497 mnamo Machi 2004. Kesi hizo zilipunguza ubabe, wala hazikubadilisha msingi wa biashara yenyewe.

Upinzani wa msingi ulitoka kwingine kabisa. Mwaka wa 1983 Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha MIT, alitangaza mradi wa GNU kwa nia ya kuunda mfumo ambao kila mtu angekuwa huru kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kuusambaza. Kisha Agosti 25, 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, akatangaza kiini cha mfumo kilichokuja kuitwa Linux. Kazi hizo mbili ziliungana. Leo tarakilishi zote 500 zenye nguvu zaidi duniani hutumia Linux, na simu za Android zimejengwa juu ya kiini hicho hicho. Mkenya anayesema hajawahi kuigusa Linux huenda anayo mfukoni.

Kwenye meza za afisi, hata hivyo, mambo yamekuwa magumu. Jiji la Munich, Ujerumani, lilianza mradi wake mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuhamisha takriban tarakilishi 15,000 hadi Linux. Mwaka wa 2017 baraza la jiji likapiga kura ya kurejea Windows. Polisi wa kitaifa wa Ufaransa, Gendarmerie, walianza polepole mwaka wa 2005 kwa kubadilisha programu za afisi kwanza, ndipo baadaye wakabadilisha mfumo endeshi. Wao hawakurudi nyuma. Jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani, lilitangaza mnamo 2024 kuwa litahamisha tarakilishi 30,000. Tofauti ya Munich na Gendarmerie haikuwa ubora wa programu, kwani walitumia programu za jamii moja. Ilikuwa subira na uthabiti wa wakuu waliotoa amri.

Kiswahili nacho kina nafasi katika historia hii. Mnamo 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria za afisi kwa Kiswahili. Microsoft nayo ilifanya tafsiri ya Windows na Office kwa lugha hiyo katika kipindi hicho. Wataalamu walilazimika kukubaliana kuhusu istilahi, kazi isiyo rahisi pale ambapo shule za Kenya hufunza 'tarakilishi' nao Watanzania husema 'kompyuta'. Inasikitisha kuwa tafsiri hizo zote hazikutumika kwa wingi uliotarajiwa. Mashine ziliendelea kufika madukani zikiwa kwa Kiingereza, na wachache walijua kuwa zingeweza kubadilishwa.

Je, kuna hatari gani kuendelea na Windows 10 isiyosasishwa? Kisa cha Mei 2017 kinatosha kuwa kielelezo. Programu hasidi ya WannaCry ilisambaa katika nchi zipatazo 150, ikifunga faili na kudai fidia. Hospitali za umma nchini Uingereza zilifuta maelfu ya miadi ya wagonjwa. Ufa uliotumiwa ulikuwa umezibwa na Microsoft tangu Machi mwaka huo, na walioathirika walikuwa wale ambao hawakuwa wamesasisha. Saiba ya Kenya huhifadhi nakala za vitambulisho, vyeti na nywila za watu wasiojuana. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, anayehifadhi data ya watu ana wajibu wa kuilinda, na kisheria umri wa mfumo si kisingizio.

Huduma ya ziada ya masasisho kwa watumiaji wa nyumbani ilipangiwa kuendelea hadi Oktoba 13, 2026, kwa Dola 30 au kwa kuhifadhi mipangilio ya mashine katika akaunti ya Microsoft. Kwa mashirika, ada iliwekwa kuwa Dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, ikiongezeka maradufu kila mwaka kwa muda usiozidi miaka mitatu. Jumla yake ni Dola 427, kiasi kinachozidi bei ya vipakatalishi vingi vya mitumba.

Njia nyingine ni kuweka Linux. Mifumo kama Ubuntu na Mint inaweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote, na kwa mashine inayotumiwa kwa intaneti na barua, mtumiaji huzoea kwa siku chache. Anayetegemea programu maalumu ya uhasibu iliyotungiwa Windows pekee asiharakishe. Atazame kwanza kama kichapishi chake kinatambuliwa na kama faili za wateja zinafunguka katika LibreOffice bila kuvurugika majedwali. Kubadilisha diski ya zamani ya kuzunguka kwa ile ya SSD na kuongeza kumbukumbu hadi gigabaiti 8 kutasaidia, mfumo wowote utakaochaguliwa.

Kwa anayenunua mashine ya 'ex-UK', la kwanza kutazama ni nambari ya kichakataji. Katika i5-7300U, tarakimu inayofuata kistari ni 7, yaani kizazi cha saba. I5-8350U ni cha nane. Baadhi ya wauzaji huweka Windows 11 kwa njia ya mkato kwenye mashine zisizokubalika, na mnunuzi akiona kiwambo kipya hudhani mambo ni shwari. Microsoft imesema mashine kama hizo hazina uhakika wa kupata masasisho. Nambari hiyo husomeka kwa kubofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya ikoni ya mashine na kufungua sifa zake, shughuli ya nusu dakika inayofaa kufanywa kabla ya pesa kutoka mfukoni.