Alama za Taifa katika Ndege za Vita: Zilichorwa kwa Jicho la Nani?

Waandishi wa habari za ndege za vita aghalabu huyataja maduara, misalaba na nyota zilizochorwa mabawani kana kwamba ni bendera ndogo, ambazo kwazo dola humtangazia adui jina lake na fahari yake. Rai hiyo ina uzuri wake, walakini tarehe haiiungi mkono. Kwani mwenye kuzifuata alama hizo mabadiliko baada ya mabadiliko ataona kuwa aliyekusudiwa hasa ni rafiki, askari wa upande uleule, aliyesimama chini na bunduki mkononi, mwenye hofu na asiye na wasaa wa kupambanua.

Ufaransa ndiyo iliyotangulia, mwaka 1912, kuweka kanuni ya duara la buluu, nyeupe na nyekundu, lililotokana na shada la utepe ambalo watu wa Mapinduzi yao walilivaa kofiani. Waingereza walipokwenda vitani mwaka 1914 walichora bendera yao chini ya mabawa, nayo, kama ajuavyo kila aliyewahi kusimama mbele yake shuleni zama za ukoloni, ina msalaba mwekundu katikati. Jambo hilo halina madhara juu ya mlingoti. Lakini kitu kikiwa mbali angani rangi hufifia na umbo husalia, na msalaba walioujua askari wa mahandaki ulikuwa ule Msalaba wa Chuma wa Wajerumani. Wakaipiga risasi bendera ya mfalme wao. Kabla ya mwaka kwisha Uingereza ilikwisha liazima duara la Kifaransa na kulipindua, nyekundu ikaingia ndani na buluu ikatoka ukingoni.

Vita vya pili vilileta ithibati kubwa zaidi. Nyota nyeupe ya Marekani ilikuwa na kitone chekundu katikati, nacho kilifutwa mwezi Mei 1942, kwa kuwa mpiga mizinga wa Bahari ya Pasifiki, aonapo wekundu angani, hangoji kuuliza kama ni nyota ama ni jua la Wajapani. Mwaka 1943 nyota hiyo ikaongezwa vipande vyeupe ubavuni, ili umbo lake lote lisifanane na la yeyote mwingine. Wekundu haukurudi kwa kudumu ila mwaka 1947, ukiwa mistari katika vipande vile: fahari ilipata nafasi yake hofu ilipoondoka.

Na hofu hiyo haikuwa ya bure. Usiku wa tarehe 11 Julai 1943, huko Sicily, ndege 144 za Marekani zilizochukua askari wa miavuli zilipita juu ya merikebu na majeshi ya upande wao, na 23 kati yake hazikurudi. Kwa insafu yatupasa kukiri kwamba gizani hapana rangi ambayo ingefaa. Lakini makamanda walijifunza, na walipojiandaa kuvuka kwenda Normandy, wakichelea kwamba wingi wa ndege ungezilemea zile ala za redio za kumtambulisha rafiki, waliamuru kila ndege, isipokuwa za namna chache, ipigwe mistari mitano, mitatu myeupe na miwili myeusi. Amri ilifichwa hata siku za mwisho, kisha mafundi wakaipaka kwa haraka, wengine kwa brashi tu, na mistari mingi ilikwenda upogo.

Yuko atakayenijibu kwa Finland, iliyoichukua swastika ya buluu mwaka 1918 pamoja na ndege iliyotunukiwa na Mswidi Eric von Rosen, kabla chama cha Hitler hakijaitwaa alama hiyo, na ikaiacha mwaka 1945. Hoja hiyo ina nguvu: hapo ilisema siasa, wala si macho ya wapiga mizinga. Nami nakubali, ila nasema ni mfano wa nadra.

Kwa watu wa pwani mlinganisho wa bahari una mafunzo zaidi. Wenye majahazi wa Sur, katika Oman, walipopandisha bendera ya Ufaransa ili wasipekuliwe na Waingereza, shauri lilifika mbele ya wasuluhishi wa The Hague mwaka 1905, likajadiliwa kwa nyaraka na vyeti; na nahodha wa manowari aliruhusiwa bendera ya uongo, ilimradi apandishe yake kabla ya kupiga mzinga. Mswada wa kanuni za vita vya angani, uliotungwa hukohuko The Hague mwaka 1923 usiridhiwe kamwe, ulikataza alama za uongo kabisa. Sababu naiona katika mwendo: jahazi husubiri kuhojiwa, ndege haisubiri.

Leo rafiki huulizwa kwa mawimbi ya redio, naye hujibu kwa tarakimu akiwa bado hajaonekana. Basi rangi hazina tena wa kumsihi, na zilizobaki humfaa adui peke yake. Ndiyo maana lile duara la Uingereza, katika ndege zake nyingi za kijivu, limepoteza weupe wake, na wekundu na ubuluu vimepauka vikawa waridi na samawati, dogo kiasi kwamba hulioni mpaka usimame karibu na ubavu wa ndege yenyewe.