Kadi ya Kasulo, kinga ya Madrid

Mwaka 2014, pa Kasulo, mutu mumoja alichimba mu parseli yake akakuta heterojeniti, lile jiwe jeusi lenye kobalti. Haikukawia, kartye ikajaa mashimo: mu kiwanja, chini ya jikoni, mpaka ndani ya vyumba vya kulala. Mwezi wa sita wa mwaka ule ule, kule Hispania, mji wa Madrid ulifungua BiciMAD: kinga 1,560 za kukodisha, zote za umeme. (Kinga njo baiskeli, kwa bandugu ba Tanzania benye kutusoma.) Betri nyingi za lithiumu zina kobalti ndani, kwa hiyo bengi bameandika juu ya safari ya jiwe toka kwetu mpaka kule. Mimi nataka kuandika juu ya kitu kingine: majina. Pa shimo na pa kinga, batu baliandikwa juu ya sababu zenye kufanana, lakini majina yao hayakuchungwa namna moja.

Makinga ya batu bote yalianza bila jina. Amsterdam, 1965, vijana ba kikundi cha Provo balipaka kinga rangi nyeupe bakaziacha mu barabara bila kufuli: chukua, panda, acha. Polisi ilizibeba, juu sheria ilikataza kuacha kinga bila kufuli. Mwaka 1995 Copenhagen ilijaribu na sarafu: unaingiza, kinga inafunguka, ukirudisha unapata sarafu yako. Nyingi ziliibiwa. Utamufuata nani, na haujui jina lake? Njo pale, 1998, Rennes ku Ufaransa ikapatia bapandaji kadi, na 2007 Paris ikaja na Vélib', maelfu ya makinga.

Jina liliingia kwa mlango wa wizi. Lakini kadi ile haiangalii mwizi tu. Inaandika saa ulitoka, kituo ulichotoka, kituo ulichofika. Mwezi mumoja unatosha kujua mutu analala wapi, anatumika wapi, na Siku ya Mungu anasali wapi.

London ilijifunza kwa haya. Mwaka 2014 (tena mwaka ule) mutafiti mumoja alionyesha kwamba mu orodha ya safari za kinga iliyotolewa wazi kwa batu bote, namba ya mupandaji ilibakia ndani. Jina halikuwamo, kweli. Lakini namba yenye kutoka kila asubuhi pa kituo kimoja na kurudi kila jioni, jirani anaweza kuipatia jina bila kazi nyingi. Bakubwa ba usafiri balisema ilikuwa kosa la utumishi, bakaitoa.

Madrid ilifanya vizuri zaidi. EMT, kampuni ya mabasi ya mji, ilichukua BiciMAD mu 2016, kisha ikaanza kutoa safari wazi. Tazama namna ilikata: namba ya mupandaji ilibadilika kila siku, hivi haukuweza kumufuata toka leo mpaka kesho. Saa ya kutoka iliandikwa bila dakika. Umri haukuandikwa, paka kikundi cha umri. Haikuwa kamili, kituo kidogo, saa ya usiku, mupandaji mumoja tu, bado uliweza kumukuta. Lakini kuna mutu alikaa chini akafikiri. Na tangu tarehe 25 mwezi wa tano 2018, sheria ya Ulaya inamupatia mupandaji ruhusa ya kuuliza: munaandika nini juu yangu? Anaweza hata kuomba kifutwe.

Turudi pa Kasulo. Mwaka 2017 serikali ya jimbo ilihamisha familia za kipande kimoja cha kartye. Congo Dongfang Mining, mutoto wa Huayou ya China, ilipata haki ya kununua. Ukuta ukajengwa, koperative CMKK ikasimamia bachimbaji. CMKK njo Maadini kwa Kilimo, na mimi mwenye lisansi ya kilimo jina lile linanisimamisha kila mara. Pa mlango, kadi. Sheria ya madini, ya 2002 na ile iliyogeuzwa 2018, inaomba muchimbaji awe Mukongomani, mukubwa wa umri, na kadi ya mwaka mumoja. Sitaitukana kadi ile. Ukuta na kadi vinazuia batoto kushuka mu shimo, na mwenye kuona mutoto wa miaka 12 akibeba mufuko wa jiwe hatasema ni kitu kidogo.

Lakini kwetu, kuandikwa kuna kumbukumbu yake. Union Minière, iliyoanza 1906, iliandika mufanyakazi, bibi na batoto, juu posho ilipimwa kwa vichwa vya nyumba. Aliyeandikwa alikula, na aliyeandikwa alijulikana. Hesabu ya mwisho ya batu mu inchi yetu ni ya 1984, kwa hiyo kadi ya uchaguzi njo ilibakia kitambulisho chetu, na juu yake kuna asili ya mutu. Mwaka 1992 na 1993, ku Likasi na hapa Kolwezi, batu ba Kasai balifukuzwa juu ya asili tu. Bazazi betu banakumbuka treni. Kwa hiyo mutu wa Kolwezi akiuliza orodha ya majina iko mukononi mwa nani, haulizi juu ya udadisi.

Tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 tuko na Kodi ya nimeriki, na ndani yake sura nzima juu ya habari za mutu binafsi: lazima akubali, lazima ajue kazi yake, ana ruhusa ya kuomba kusahihisha. Inahusu kadi ya shimo sawa vile ingehusu kinga. Ningependa kuona karatasi yenye maneno hayo imebandikwa pa mlango mumoja wa machimbo, kwa Kiswahili.

Nami si musafi. Wakati wa memwari yangu niliandika balimaji 40: jina, simu, ukubwa wa shamba, deni. Muzee mumoja aliniuliza, «Mwanangu, jina langu litalala wapi?» Nilimujibu kwamba ni kwa masomo tu. Daftari lile lilikuwa bado pa kwetu, mu sanduku. Juma lililopita nilikata upande wa simu na wa deni, nikauchoma mu mbabula. Majina nimeyaacha. Muzee yule nataka kwanza nimuulize.