Pesa ya almasi na mpunga wa waungwana

Sisi watu wa Kisangani hatuchukii tajiri. Tunamuuliza neno moja tu: umebakisha nini?

Mwaka 1887 Tippu Tip alifanywa gavana wa Stanley Falls, ndiyo mji wetu huu. Mali yake ilitoka kwa pembe za ndovu na watumwa. Hatuwezi kuisifu, ni damu ya watu. Lakini waungwana waliofuatana naye walileta kilimo cha mpunga, pamoja na lugha hii tunayoandika. Mpaka leo wali tunapika.

Mwaka 1982 serikali ya Mobutu iliruhusu raia kuchimba na kuuza almasi na dhahabu. Maduka ya kununulia mawe yakajaa Makiso. Kijana aliyetoka porini na jiwe zuri alinunulia baa nzima bia, akavaa viatu vya bei kali. Kiisha akarudi porini mikono mitupu. Tulimucheka. Tulisahau kwamba bia ile tulikunywa naye.

Mawe yale yale yaliita na wenye bunduki. Juni 2000, siku sita, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu, mamia ya raia wakafa.

Basi, mutu akifanya sherehe kwa jasho lake, ni haki yake. Ila mbele ya kumushangilia, tuangalie kwanza: kuna shamba? Kuna nyumba? Kuna mutoto aliyesoma? Na sisi tunaokunywa, tujiulize vilevile.