Mundu Ndani ya Damu

Mwishoni mwa mwaka 1904, kijana kutoka kisiwa cha Grenada alilazwa katika hospitali moja ya Chicago. Aliitwa Walter Clement Noel, alikuwa na umri wa miaka 20, na alikuwa amekwenda huko kusomea udaktari wa meno. Alikuwa akikohoa na kuhema kwa shida. Daktari kijana, Ernest Irons, alichukua tone la damu yake akalitazama kwa hadubini. Miongoni mwa seli nyekundu za duara aliona nyingine nyembamba, ndefu, zimepinda kama mundu. Akazichora.

Mkubwa wake, James Herrick, alichapisha habari hiyo mwaka 1910. Seli zilielezwa kwa makini: umbo lake, wingi wake, rangi yake. Jina la mgonjwa halikutajwa. Noel alihitimu, akarudi Grenada kung'oa na kuziba meno ya watu, akafariki mwaka 1916 akiwa na miaka 32. Ugonjwa aliokuwa nao sisi tunauita selimundu. Ni jina zuri kwa ubaya wake, maana linataja kasoro mahali penyewe: kwenye umbo.

Na umbo la seli nyekundu si pambo. Seli nyingi za mwili zina kiini kinachotunza maelekezo ya urithi, na mitokondria zinazotumia oksijeni kuzalisha nguvu. Seli nyekundu huanza maisha na vyote viwili ndani ya uboho wa mifupa, kisha huvitoa. Bila kiini inabaki nafasi ya kupakia hemoglobini, protini inayobeba oksijeni. Bila mitokondria, mbebaji hali mzigo aliotumwa kuupeleka. Kinachobaki ni kisahani kilichobonyea pande zote mbili, chenye upana wa kama sehemu 7 au 8 za milimita iliyogawanywa mara 1,000. Mishipa midogo kabisa ni myembamba kuliko hapo, hivyo seli hujikunja ili ipite, ikitoka hurudi umbo lake. Hufanya hivyo kwa siku 120 hivi, kisha mwili huiondoa.

Kwa nini basi seli za Noel zilipinda? Jibu lilichukua karibu nusu karne. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa wa selimundu inatofautiana na ya watu wengine. Miaka michache baadaye, huko Cambridge, Vernon Ingram alikuta tofauti yenyewe. Katika mnyororo wa asidi amino 146, moja tu, ile ya sita, ilikuwa imebadilishwa na nyingine.

Badiliko hilo halionekani hemoglobini ikiwa imebeba oksijeni. Ikishaiachia, molekuli zake hunatana na kuwa nyuzi ndefu ngumu zinazousukuma utando wa seli kutoka ndani. Yaani seli hupinda baada ya kutua mzigo, ikiwa imekwisha kufanya kazi yake. Ikiwa ngumu, haijikunji tena, inakwama mshipani, na nyingine zinajazana nyuma yake. Maumivu ambayo mama humwona nayo mtoto usiku, ya mifupa, ya kifua, ya tumbo, ni ya nyama iliyonyimwa damu.

Mwaka huohuo wa 1949, Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kusoma Oxford, alirudi nyumbani na msafara wa chuo chake, akakusanya damu za watu wa jamii mbalimbali. Katika baadhi ya jamii za pwani na za kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa wamerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja. Katika nyanda za juu, hakufika hata mmoja kwa 100. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya mbu.

Alirejea mwaka 1953 kuthibitisha. Karibu na Kampala alipima watoto 290. Kati ya 43 wenye jeni, 12 walikutwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasio nayo, 113. Ilionekana kwamba anayerithi jeni kwa mzazi mmoja hupata kinga kiasi dhidi ya malaria. Anayerithi kwa wazazi wote wawili huugua selimundu. Kinga ya wengi inalipiwa na wachache.

Allison hakuishia kwa watoto. Wanaume 30 wa Kijaluo, nusu wakiwa na jeni na nusu bila, waliambukizwa malaria kwa makusudi kisha wakatibiwa. Kati ya 15 wasio na jeni, 14 walipata vimelea. Kati ya wale wengine, 2 tu. Wametambulishwa kama watu waliojitolea. Kujitolea kwa Mwafrika mbele ya daktari mzungu, chini ya utawala wa kikoloni, ni neno la kuulizwa maswali. Matokeo hayo leo yamo katika vitabu vya biolojia duniani kote, kama mfano maarufu wa uteuzi asilia kwa binadamu. Majina ya wale 30 hayamo.

Mwishoni mwa 2023, Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayohariri jeni katika seli za uboho wa mgonjwa mwenyewe. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na selimundu. Damu ya Kampala na ya kando ya ziwa ilisaidia kuandika somo hilo. Ada yake sasa haimudiki kwa wajukuu wa walioitoa.