Kinga inapokataa kuingia

Tumezoea kusikia habari za kompyuta iliyoingiliwa na virusi. Juma hili nataka tuzungumze juu ya kompyuta inayoikataa kinga yenyewe. Dawa ipo, imelipiwa, fundi yupo, lakini programu ikifika katikati ya safari inageuza na kurudi ilikotoka, na kwenye kioo linabaki neno moja tu: imeshindikana. Hapo wengi husema mashine ni mbovu, na wengine hunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Mimi nasema kule kukataa ndiko kwenye habari, na historia inaniunga mkono.

Kirusi cha kwanza kuenea katika kompyuta ndogo za aina ya IBM kiliitwa Brain. Kilitengenezwa mjini Lahore, Pakistan, mwaka 1986 na ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi. Wala hawakujificha, ndani yake waliandika majina yao, anwani na namba za simu. Kilisafiri kwa disketi, mkono kwa mkono. Mwaka uliofuata programu za kinga zikaanza kuuzwa huko Ulaya na Marekani.

Kwetu Tanzania wakati huo kompyuta zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Mwaka 1974 Serikali ilikuwa imezuia kuingiza kompyuta nchini, baada ya kazi ya kuzipa mashine hesabu za Serikali kwenda mrama. Zuio lile lilitukinga na virusi, ingawa hakuna aliyelikusudia hivyo! Lilipolegezwa na ofisi zikaanza kupata mashine, disketi nazo zikaingia na vilivyomo.

Siku za mwanzo kirusi kilikuwa mwizi tu; kilipoona polisi kilikimbia. Baadaye kilijifunza kumfungia polisi mlango. Mfano mkubwa ni Conficker, kilichotokea Novemba 2008. Kilizima huduma za usalama ndani ya Windows, kikaizuia mashine isifike kwenye tovuti za makampuni ya kinga, na kikaruka kutoka kompyuta hadi kompyuta kwa mtandao na kwa flashi. Microsoft walikuwa wamekwisha kutoa kiraka cha kuziba tundu lile Oktoba 2008, lakini kiraka humfaa aliyekipata. Sisi tulikuwa tunategemea setilaiti, kwa bei ya kuumiza, maana kebo ya baharini ya Seacom ilitufikia Julai 2009. Ofisi nyingi zilikuwa na kinga iliyonunuliwa mara moja na kuachwa ichakae, huku flashi zikizunguka kama daladala.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Mwaka 2021 niliitwa na kampuni moja, jina lake nalihifadhi, inayonunua kabichi, karoti na njegere kutoka Mgeta na kuziuza mjini. Kompyuta yao kuu, ile inayoitwa seva, ilikataa kinga mpya mara tatu. Ndani yake zilikuwamo hesabu zote za wakulima wa Nyandira na Langali: nani kaleta magunia mangapi, nani hajalipwa. Nakala nyingine haikuwapo. Meneja alikuwa amekasirika, akataka nizime kila kitu kinachozuia, nisukume programu iingie kwa nguvu.

Mimi ni mzaliwa wa Mgeta, na kwetu kisa cha kinga iliyosukumwa kwa nguvu si kigeni. Nikamsimulia. Mwaka 1950 Serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi katika milima ya Uluguru. Mvua ilikuwa inaubeba udongo, na kinga iliyoagizwa ni kuchimba matuta ya ngazi mashambani. Ikawa kazi ya lazima, na asiyechimba alitozwa faini. Watu walikataa, na wakuu wakauchukulia ukatavu ule kuwa ni ukaidi. Kumbe mkulima alikuwa anaona kwa macho yake kwamba udongo wenye rutuba milimani ni mwembamba. Ukichimba ngazi unaufukia na kuutoa juu udongo mfu, na mahindi hayaoti yakashiba. Julai 1955 zikazuka ghasia huko Matombo, mtu mmoja akapoteza maisha, na mpango ukaachwa. Lakini upande wa Mgeta, penye mifereji ya kumwagilia na mboga zenye soko, ngazi zilikubalika, kwa kuwa pale zilimlipa aliyezichimba. Kinga ilikuwa ile ile, ila ardhi ilikuwa tofauti.

Meneja akanyamaza. Tukaanza upya.

Kwanza niliiondoa seva kwenye mtandao, nikanakili hesabu zote kwenye diski ya nje, na nikaifungua nakala ile kuhakikisha inasomeka. Kisha nikaiwasha mashine kwa diski ya ukaguzi iliyotengenezwa kwenye kompyuta safi, ili kama yumo adui wa aina ya Conficker asipate nafasi ya kuamka. Virusi vichache vya flashi vilipatikana, lakini si hivyo vilivyozuia.

Nikafungua daftari ambalo mashine huliandika yenyewe kila jambo linapotokea. Humo yalikuwamo mawili. Kinga ya zamani ilikuwa haikuondolewa kwa utaratibu. Mtu alifuta folda yake tu, na vipande vyake bado viliamka kila asubuhi kulinda zamu. Kinga mpya ikimkuta mlinzi mwingine langoni, hurudi. La pili lilikuwa la sahihi. Kila programu halali hubeba sahihi ya mtengenezaji. Seva ile ilikuwa ya Windows Server 2008 R2, na sahihi za siku hizi ni za aina ambayo mfumo ule hauwezi kuzisoma bila viraka vilivyotolewa mwaka 2019. Ikawa kama karani wa benki asiyeijua sahihi mpya ya mkurugenzi: hundi ni halali, yeye anairudisha.

Nikaving'oa vipande vya zamani kwa kifaa cha mtengenezaji wake, nikaweka viraka, nikazima na kuwasha. Kinga ikaingia mara moja. Nikamwambia meneja kwamba huduma ya Microsoft kwa mfumo ule ilikuwa imekoma Januari 2020, hivyo atafute seva nyingine kabla ya masika. Aliguna kuhusu bei, lakini jioni ile ile alichapisha orodha ya madai kwenye karatasi, kurasa kumi na moja, na gari la kesho yake likapanda nayo hadi gulio la Nyandira, wenyewe waihakiki.