Kabla Umpe Mtu wa Skrap Kamera ya Guka, Soma Hii

Ukisafisha nyumba ya guka pale Kangemi ama Kawangware, unaweza pata kamera nzito ya chuma kwa mfuko wa ngozi. Wengi huona ni takataka na kumpea mtu wa skrap kwa bei ya mutura. Pole pole, msee. Angalia jina kwanza.

Renjifainda ni gani?
Ni kamera ya filamu yenye huangalii kupitia lenzi. Ina kidirisha chake kando, na katikati kuna kidoa hafifu chenye kinaonyesha picha mbili za kitu kimoja. Ukizungusha lenzi mpaka zishikane, picha imekaa. Wajapani walizitengeneza kwa wingi baada ya Vita ya Pili.

Yashica Electro 35
Ilitoka 1966 na zikauzwa nyingi sana, kwa hivyo si adimu. Yenye inafanya kazi, huko nje mara nyingi haifiki dola 200. Vuta leva ya filamu. Ukiskia "tok", poa. Usiposkia, kuna kipande cha mpira ndani kimeoza na bei inashuka. Pia usidanganywe na mlio wa shata: bila betri bado inalia, lakini kwa kasi moja tu, 1/500. Betri yake asili ya zebaki haitengenezwi tena. Watu hutumia ya volti 6 na adapta.

Canonet QL17 GIII
Ya 1972, ndogo, lenzi yake ni 40mm f/1.7. Shata yake haitegemei betri, ndio maana wapiga picha bado wanaitafuta.

Nikon
Hapa ndio kuna ganji. Nikon I ya 1948 ni chache mno, na picha zake ni za milimita 24 kwa 32, tofauti na 24 kwa 36 ya kawaida. Nikon SP ya 1957 ikiwa safi inaanza dola elfu moja kupanda. Ukipata maandishi "Made in Occupied Japan", ujue ni ya kabla Marekani iachilie Japani 1952. Wakusanyaji hupenda hiyo alama.

Kenye huangusha bei
Mulika lenzi na tochi ya simu. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na mfuko wa ngozi kwa kabati yenye unyevu ndio huileta. Usisugue, usipake rangi. Tunza mfuko na kifuniko cha lenzi, vyote vina bei.

Ukienda tao, kumbuka kuwa wauzaji wengi wa Luthuli wamezoea simu na spika. Usikubali bei ya kwanza. Kwa mtandao, angalia bei yenye kamera imeuzwa nayo, si yenye muuzaji ameitisha. Mtu anaweza itisha chochote.

Na kitu ya mwisho: usifungue mgongo wa kamera. Zungusha polepole kile kifundo cha kurudisha filamu. Kikikataa kama kimevutwa na kitu, kuna filamu ndani. Ipeleke isafishwe kwanza. Kamera unaweza uza na upate ingine. Picha ya cucu akiwa na miaka 20 haiuzwi popote.